Kuongozwa na Picha au kwa Picha? Istilahi za Chumba cha Upasuaji

Mapema mwaka huu mfasiri mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na fomu ya ridhaa ya kurasa mbili, ambayo hospitali moja ilikuwa ikiwapa wagonjwa wanaongojea kupasuliwa ubongo. Fomu hiyo aliifasiri yeye mwenyewe, na alikuja kutuonyesha sentensi moja iliyomkosesha usingizi: "Upasuaji wako utafanyika chini ya uongozi wa picha za wakati halisi kwa njia ya mionzi." Mama mmoja aliposomewa sentensi hiyo alikataa kutia sahihi. Aliuliza uongozi huo wa picha ni wa nani, na kama mionzi hiyo ni ile ile aliyopigwa dada yake alipougua saratani, miezi miwili kabla ya kufariki. Hapakuwa na mtu aliyeweza kumjibu swali la kwanza. Swali la pili lilikuwa na jibu jepesi, kwa sababu mashine iliyokusudiwa haimpigi mtu eksirei hata kidogo. Hufanya kazi kwa sumaku. Lakini karatasi ilikwisha kusema vingine, naye aliiamini karatasi kuliko maneno ya mdomo. Akarudi kwao bila ya kupasuliwa.

Tulipomwuliza mfasiri maneno hayo aliyapata wapi, alifungua mkoba wake akatoa orodha ya istilahi iliyotayarishwa na idara yetu wenyewe. Ndani yake "uongozi wa picha" limo, "wakati halisi" limo, na picha zote za hospitali zimepangwa chini ya kichwa kimoja cha "vipimo vya mionzi". Kosa, basi, ni letu. Makusudi ya makala haya ni kulisahihisha, na kueleza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali sababu za kila neno tunalolipendekeza sasa, ili atakayelikataa alikatae akijua anakataa nini.

I. Jambo lenyewe

Kwa karne nyingi mpasuaji alitegemea macho yake, vidole vyake na ujuzi wake wa maumbile ya mwili. Alichokiona ni kile tu alichokifunua kwa kisu. Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Conrad Röntgen, mwanafizikia wa mji wa Würzburg nchini Ujerumani, aligundua eksirei. Na kabla ya kutimia miezi minne, tarehe 14 Februari 1896, daktari John Hall-Edwards wa Birmingham, Uingereza, alikuwa ameitumia picha ya eksirei katika kuongoza upasuaji. Kwa hiyo dhana tunayoishughulikia hapa si changa. Kilicho kipya ni wingi wa aina za picha, na ukaribu wake na kisu. Zamani picha ilipigwa katika chumba kingine, ikasafishwa, ikaletwa na kutundikwa mbele ya taa. Leo mashine yenyewe imeingia katika chumba cha upasuaji, na mpasuaji hutazama kiwambo huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Safari hiyo ilikwenda kwa hatua. Mwaka 1955 kampuni ya Philips ilitoa mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda, iliyoweza kusogezwa hadi kwenye kitanda cha upasuaji. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambayo hospitalini kwetu huitwa siti-skani. Mwaka 1994 hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, Marekani, ilianza kutumia mashine ya sumaku iliyoundwa ili daktari aweze kusimama katikati yake na kupasua.

Hapa Tanzania mashine hizi zimekuwa zikienea. Kuanzia mwaka 2021 fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilitumika, pamoja na mambo mengine, kununulia siti-skani za hospitali za rufaa za mikoa. Yafaa tukumbuke hapa kwamba jina lenyewe la UVIKO ni istilahi iliyoundwa kwa vifupisho vya maneno ya Kiswahili, ikaingia katika hotuba, magazeti na vinywa vya watu. Ni ushahidi kwamba neno likiwahi kuundwa vizuri, watu hulipokea. Lisipowahi, nafasi yake hujazwa na lolote lililo karibu, na aghalabu lililo karibu ni lile la kutisha.

Wala tusidhani kwamba pasipo picha hakuna upasuaji wa kisasa. Shirika la SIGN, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1999, hutengeneza msumari wa kuungia mfupa uliovunjika ambao kusudi lake ni kuwekwa bila ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Msumari huingia katika uwazi wa mfupa, na kielekezi cha chuma kilichounganishwa nao kwa nje humwonyesha daktari mahali pa kutoboa ili skrubu zipite katika matundu ya msumari asiyoyaona. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zilizoutumia msumari huu kwa wagonjwa wengi. Tunautaja kwa sababu ya lugha pia: istilahi tutakayoichagua kwa upasuaji wa picha sharti ituwezeshe kuutaja hata upasuaji huu, ambao humwongoza daktari kwa chuma.

II. Picha na nguvu inayoiunda

Neno "picha" lilitujia kutoka Kiingereza, likakaa, likazaa. Tuna picha ya ukutani, picha ya pasipoti, picha ya sinema na picha ya kifua. Hatuoni sababu ya kuliondoa hospitalini. Wako waliopendekeza "taswira" badala yake. Neno hilo ni zuri, lakini katika masomo ya fasihi limekwisha kupewa kazi ya kutaja sura inayojengeka akilini mwa msomaji wa shairi; na mgonjwa hajui kama amewahi kupigwa taswira. Tunapendekeza "picha" libaki kuwa neno mama, na "taswira" liwekwe kwa ajili ya umbo la pande tatu ambalo kompyuta hulijenga kutokana na picha nyingi, umbo ambalo kwa hakika halikupigwa na mashine yoyote bali limekusanywa.

Lakini "picha" peke yake haitoshi. Mgonjwa, muuguzi na fundi wote wanahitaji kujua picha hiyo imeundwa kwa nguvu gani, maana hatari na manufaa yake hutokana na nguvu hiyo. Nguvu zenyewe ni nne.

Ya kwanza ni eksirei. Picha ya eksirei ni kivuli: mionzi hupenya nyama kwa wepesi na huzuiwa na mfupa, na kinachobaki upande wa pili ndicho tunachokisoma. Kamusi zetu zina pia neno "uyoka", nalo lina haki ya kuishi katika vitabu. Lakini wagonjwa wamekwisha kuchagua eksirei, na mwana wa istilahi hapiganii vita ambavyo wananchi wamekwisha kuvimaliza. Siti-skani ni ya ukoo huu huu. Mashine humzunguka mgonjwa ikipeleka eksirei kutoka pande zote, kisha kompyuta hukokotoa sura ya mwili kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Hesabu ya jambo hili ilifanywa pia, mbali na Hounsfield, na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeanza kulifikiria mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Kwa picha za namna hii tunapendekeza "picha za mikato". Mashine ile ya mkono uliopinda, inayotumiwa sana na wapasuaji wa mifupa, ina umbo la herufi C. Fundi amezoea kuiita kwa herufi hiyo. Kiswahili kina jina la umbo hilo tangu zama za wawindaji: "eksirei ya upinde". Chanzo cha mionzi kiko ncha moja ya upinde, kipokezi kiko ncha ya pili, na mgonjwa yuko kati.

Ya pili ni sauti. Altrasaundi hupeleka mwilini sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la binadamu, yaani ya mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Sauti hiyo hugonga mipaka ya viungo na kurudi, na mashine hupima muda wa kurudi kwake. Huo si mwingine ila mwangwi, ule ule anaoujua mtoto aliyepata kupiga ukelele mbele ya jabali. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, nasi tuliojua altrasaundi kwa ajili ya wajawazito tu twapaswa kufahamu kwamba siku hizi kichwa cha mashine hiyo huwekwa juu ya ini au juu ya ubongo wenyewe wakati wa upasuaji. Jina la altrasaundi libaki. Katika maelezo tuiite "picha ya mwangwi".

Ya tatu ni sumaku. Mashine ambayo watu huitaja kwa herufi tatu za Kiingereza humweka mgonjwa ndani ya sumaku yenye nguvu kubwa. Viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili hujipanga kuifuata sumaku hiyo, husukumwa kidogo kwa mawimbi ya redio, na vinaporejea mahali pake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walitunukiwa Nobel ya mwaka 2003 kwa kazi hiyo. Tunasisitiza jina la "picha ya sumaku" kuliko herufi tatu, kwa sababu jina hili ni onyo pia. Sumaku ya kawaida ya mashine hizi, ya tesla 1.5, ina nguvu yapata mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Mkasi wa chuma, mtungi wa oksijeni au kiti cha magurudumu kikisogezwa karibu huruka kuelekea ilipo sumaku, na aliyelala ndani ndiye atakayekutana nacho. Mfagizi anayesoma mlangoni herufi tatu asizozijua hana cha kumzuia asiingie na ndoo yake ya chuma. Anayesoma "sumaku" amekwisha kuonywa.

Ya nne ni mwanga. Kamera ndogo hupitishwa katika tundu la tumbo, na daktari hufanya kazi akitazama kiwambo. Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alichungulia matumbo ya wagonjwa kwa njia hii tangu mwaka 1910; mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo, na baada ya hapo upasuaji huu ukaenea kwa kasi. Wananchi wanauita "upasuaji wa matundu madogo", na hatuna la kuongeza. Liko jambo jingine la mwanga ambalo bado halina jina. Mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo hunyweshwa dawa saa chache kabla ya upasuaji. Dawa hiyo hugeuka ndani ya chembe za uvimbe, na daktari anapomulika kwa taa ya buluu, uvimbe hung'aa kwa rangi nyekundu ilhali ubongo wenye afya haung'ai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 huko Ujerumani, uvimbe ulioonekana ulitolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa waliopasuliwa kwa njia hii, na kwa asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa taa ya kawaida. Kwa kitendo hicho tulifikiria "kumeta", lakini kumeta ni kwa kitu kinachorudisha mwanga kwa kuwakawaka, kama kioo juani. Uvimbe huu hung'aa kwa utulivu. Tunapendekeza "mng'ao", na dawa yenyewe tuiite "dawa ya mng'ao".

III. Picha na wakati wake

Nguvu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni wakati, na hapo ndipo "wakati halisi" lilipotupotosha. Kwa Kiswahili kitu halisi ni kisicho cha bandia. Sasa huo wakati wa bandia ni upi? Anayejua Kiingereza hulielewa neno hili kwa kukumbuka asili yake, na istilahi inayoeleweka kwa kukumbuka lugha nyingine haijafasiriwa bado.

Katika chumba cha upasuaji nyakati za picha ni tatu. Kuna picha iliyopigwa jana au juzi, ambayo daktari huingia nayo: hiyo ni "picha ya awali". Kuna picha inayopigwa baada ya kazi kuanza, ambapo wapasuaji husita, mashine hufanya kazi yake, picha hutazamwa, kisha kazi huendelea: hiyo ni "picha ya kati". Na kuna picha inayokwenda sambamba na mkono, kama vile ya eksirei ya upinde au ya mwangwi, ambapo sindano ikisogea kwenye mwili husogea na kwenye kiwambo: hiyo ni "picha mubashara". Watangazaji wamekwisha kutufanyia kazi kwa neno hili la mwisho. Kila anayesikiliza mpira redioni anajua maana ya matangazo ya mubashara.

Je, tofauti hii ni ya wanalugha tu? Sivyo. Tuchukue mfano wa ubongo. Daktari huwa na picha ya awali inayoonyesha uvimbe ulipo kwa kipimo cha milimita. Kamera maalum hufuata vifaa vyake na kuonyesha juu ya picha hiyo mahali ilipo ncha ya kila kifaa. Lakini fuvu likifunguliwa maji ya ubongo huvuja, uzito huvuta, uvimbe hupungua kwa kadiri unavyotolewa, na ubongo husogea. Msogeo huo waweza kuzidi sentimita moja. Picha haikusogea. Kiwambo kinaendelea kuonyesha mahali uvimbe ulipokuwa asubuhi, kwa rangi zile zile na kwa uhakika ule ule.

Mabaharia wa pwani yetu wanalijua jambo hili vizuri. Nahodha mwenye ramani nzuri bado huweka mtu mbele ya chombo atazame maji, kwa kuwa fungu la mchanga halikai mahali pamoja mwaka mzima. Ramani ni ya jana. Fungu limehama leo. Picha ya awali ni ramani, picha mubashara ni jicho la mtu aliye omoni, na picha ya kati ni kutua nanga na kupima kina upya. Mfasiri anayeziita zote "picha za wakati halisi" amemwambia nahodha kwamba ramani yake ina macho.

Kuhusu tukio lenyewe tunapendekeza "msogeo wa ubongo". Mwenzetu mmoja alipendelea "kuhama kwa ubongo", na kwa sarufi hakukosea. Lakini jamaa wa mgonjwa wakiambiwa ubongo wa ndugu yao umehama, hawatafikiria sentimita moja.

IV. Na au kwa

Sasa tuje kwenye kosa letu kubwa, "uongozi wa picha". Uongozi ni cheo na kazi ya viongozi: uongozi wa chama, uongozi wa shule. Mama yule aliyeuliza uongozi huo ni wa nani aliuliza swali sahihi la Kiswahili. "Mwongozo" nalo halifai, kwa kuwa limekwisha kuwa jina la kitabu au waraka wa maelekezo. Mwongozo wa mwalimu unajulikana na kila mwalimu.

Inatubidi basi kurudi kwenye kitenzi, na kitenzi cha kutendwa hutulazimisha kuchagua kati ya viunganishi viwili vidogo. Lugha yetu hutenga mtenda na chombo chake kwa uangalifu mkubwa. Tunasema: mti umekatwa na Juma kwa shoka. "Na" humtaja mwenye kutenda na kuwajibika. "Kwa" hutaja kitu alichokitumia. Hakuna hakimu atakayelishtaki shoka.

Tukiandika "upasuaji unaoongozwa na picha", tumeipa picha nafasi ya Juma. Picha itakuwa ndiyo iliyoongoza, na daktari atakuwa amefuata. Mambo yakienda kombo, karatasi aliyotia sahihi mgonjwa itakuwa imekwisha kusema nani wa kuulizwa, nayo itakuwa imemtaja asiyeweza kujibu. Tukiandika "upasuaji unaoongozwa kwa picha", mtenda hatajwi lakini nafasi yake ipo wazi, na kila msikilizaji huijaza mwenyewe: anayeongoza ni mpasuaji. Picha imekuwa shoka, chombo kizuri mkononi mwa anayejua. Baada ya yale tuliyoyasema juu ya msogeo wa ubongo, hapana shaka kwamba hii ndiyo maana iliyo kweli. Daktari hulinganisha picha na anachokiona, na mara nyingine huamua kutoifuata.

Herufi hizi mbili, basi, zina uzito wa kisheria, nasi tunawaomba wafasiri wa fomu za hospitali wasizichanganye. Kwa muundo huo huo tunaweza kusema upasuaji wa kuongozwa kwa picha za mwangwi, upasuaji wa kuongozwa kwa mng'ao, na hata kuweka msumari kwa kuongozwa kwa kielekezi. Istilahi moja imezaa nyingine bila ya kuombwa, jambo ambalo ni dalili njema. Ule mfumo wa kamera zinazofuata vifaa na kuonyesha mahali vilipo juu ya picha tuuite "urambazaji wa upasuaji", maana urambazaji limekwisha kutumika kwa safari za meli na ndege, na kazi ni ile ile: kujua chombo kiko wapi.

V. Maneno mawili yenye mtego

La kwanza ni "mionzi". Mwalimu wa fizikia atatuambia kwamba mwanga wa mshumaa ni mionzi, na mawimbi ya redio ni mionzi vile vile. Ni kweli, na darasani aendelee kusema hivyo. Lakini hospitalini neno hili limepata maana nyembamba: mionzi ni ile inayoweza kudhuru chembe za mwili, na kwa wagonjwa wengi ni matibabu ya saratani. Maana hiyo haikutokana na ujinga. Hall-Edwards tuliyemtaja, aliyekuwa wa kwanza kuingia na picha katika upasuaji, alikatwa mkono wake wa kushoto mwaka 1908 kwa sababu ya madhara ya eksirei alizozichezea kwa miaka mingi bila ya kinga. Wanaohofu mionzi wana sababu. Wajibu wetu ni kuiweka hofu hiyo mahali pake. Tuseme "mionzi" kwa eksirei, eksirei ya upinde na siti-skani, ambazo wafanyakazi wake hulazimika kujikinga. Tusilitumie kamwe kwa mwangwi, kwa sumaku wala kwa kamera. Na mionzi ya kupigia picha itengwe na "tiba ya mionzi", ambayo kipimo chake ni kikubwa mno na kusudi lake ni kuua chembe.

La pili ni "risasi". Wanaofanya kazi karibu na eksirei ya upinde huvaa aproni nzito iliyotiwa madini ya risasi. Madini hayo ndiyo yenye jina la asili, na risasi ya bunduki ililirithi kwa kuwa ilitengenezwa kwayo. Lakini leo mtoto amempita mzazi kwa umaarufu. Tumeona maagizo ya matumizi yanayowataka wauguzi kuvaa "vazi la kuzuia risasi" kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Tuandike "aproni ya madini ya risasi", na pale inapowezekana tuseme kazi yake tu: "aproni ya kukinga mionzi".

VI. Mapendekezo

Kwa kufuata utaratibu wetu wa siku zote, wa kuanza na Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda nje, tunayaweka mbele ya wasomaji maneno yafuatayo:

1. Upasuaji wa kuongozwa kwa picha: upasuaji ambamo daktari hutumia picha za ndani ya mwili kama chombo cha kuongozea kazi yake.
2. Picha ya awali: iliyopigwa kabla ya upasuaji kuanza.
3. Picha ya kati: iliyopigwa upasuaji ukiwa umesimamishwa kwa muda.
4. Picha mubashara: inayokwenda pamoja na mkono wa mpasuaji.
5. Picha za mikato: zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande.
6. Taswira: umbo la pande tatu lililojengwa na kompyuta kutokana na picha hizo.
7. Eksirei ya upinde: mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda, inayosogezwa kitandani.
8. Picha ya mwangwi: picha ya altrasaundi.
9. Picha ya sumaku: inayoundwa kwa sumaku na mawimbi ya redio.
10. Mng'ao, dawa ya mng'ao: mwanga unaotolewa na uvimbe unapomulikwa, dawa inayousababisha.
11. Urambazaji wa upasuaji: ufuatiliaji wa mahali vilipo vifaa juu ya picha ya mgonjwa.
12. Msogeo wa ubongo: kusogea kwa ubongo baada ya fuvu kufunguliwa.

Haya ni mapendekezo. Tunayo nafasi ya kusahihishwa, hasa na wanaofanya kazi ndani ya vyumba hivyo, na tutashukuru kupokea maoni kutoka kwa wasomaji wetu popote walipo. Tungependa kujua, mathalani, kama mafundi wa Kenya na wa Zanzibar wana jina jingine la eksirei ya upinde ambalo halijatufikia.

VII. Tamati

Sentensi ile ya fomu tuliiandika upya pamoja na mfasiri. Sasa yasomeka hivi: "Daktari atakupasua akitumia picha za ubongo wako ili kujua mahali uvimbe ulipo. Picha ya kwanza itapigwa kabla ya siku ya upasuaji. Nyingine itapigwa katikati ya upasuaji, ukiwa umelala usingizi wa dawa. Picha zote mbili zitapigwa kwa mashine ya sumaku. Mashine hii haikupigi eksirei, na si tiba ya mionzi. Kama una chuma chochote mwilini, mwambie muuguzi sasa." Imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza mara kadhaa, na hatuoni aibu kwa urefu huo.

Yule mama alirudi hospitalini baada ya majuma sita. Mfasiri alituarifu kwamba hakurudishwa na karatasi yetu, maana ilikuwa bado haijachapwa. Muuguzi mmoja alimfuata nyumbani, akakaa naye kwenye mkeka, akamwambia: "Mama, hii si ile ya dada. Hii ni sumaku, kama ile ya fundi cherehani ya kuokotea sindano, haichomi. Inamwonyesha daktari njia, lakini anayekwenda ni yeye."

Muuguzi huyo hakuwa na orodha yetu mkononi, na amshukuru Mungu kwamba hakuwa nayo. Katika maneno yake machache alitaja nguvu ya picha, akaitenga na mionzi, akamweka daktari mahali pa mtenda. Kazi iliyotuchukua kurasa hizi zote yeye aliimaliza mkekani. Sisi tuliobaki maofisini tunalo jukumu la kuhakikisha kwamba muuguzi mwingine, katika wilaya nyingine, atakapoifungua fomu, ataikuta inasema vivyo hivyo.